Kabla hujauza kompyuta ya zamani: mwongozo kamili wa kufuta data zisirudi tena

Windows 10 iliacha kuhudumiwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na tangu hapo kompyuta nyingi zilizokuwa zinafanya kazi vizuri tu zimeanza kushushwa mezani. Zile zisizokubali Windows 11 zinauzwa, zinapewa mdogo wako anayeanza chuo, zinapelekwa kwa fundi na kuongezewa hela kidogo ili upate nyingine, au zinarundikwa stoo mpaka siku ya kuhama. Zote zinaondoka na diski ndani.

Kwenye diski ya nyumbani utakuta picha za kitambulisho cha taifa, vyeti vya shule, mkataba wa pango, nywila ulizohifadhi kwenye kivinjari na WhatsApp ambayo hukuwahi kuitoa. Kwenye kompyuta ya stationery mambo ni mazito zaidi. Folda ya Downloads ya duka lililokaa miaka kadhaa jirani na ofisi za serikali imebeba vyeti vya kuzaliwa, slipu za mshahara na kurasa za pasipoti za watu ambao mwenye duka mwenyewe hawakumbuki. Wale hawakukupa ruhusa ya kuuza taarifa zao pamoja na mashine.

Wanaotaka kusafisha kompyuta huanza kwa kuuliza watumie programu gani. Swali la kwanza ni jingine: diski ni ya aina gani? Njia inayosafisha diski ya sahani (HDD, ile ya zamani yenye sahani zinazozunguka) vizuri kabisa inaweza kuacha mabaki kwenye SSD, diski ya kisasa inayotumia chipu, nawe ukaondoka ukiamini umemaliza.

Kwa nini kufuta na kufomati hakutoshi

Unapofuta faili kisha ukamwaga pipa la taka la Windows, kompyuta haigusi faili lenyewe. Inaandika tu kwenye orodha yake kwamba nafasi ile sasa iko wazi. Ni sawa na mwenyekiti wa mtaa kufuta jina la mpangaji kwenye daftari huku mpangaji mwenyewe bado amelala chumbani. Data zinabaki palepale hadi kitu kingine kiandikwe juu yake, na kwenye diski ya GB 500 iliyojaa nusu, hilo linaweza lisitokee kamwe.

Kufomati kwa haraka, ile inayoisha ndani ya sekunde chache, ni mchezo uleule: orodha inatengenezwa upya, yaliyomo hayaguswi. Kufomati kikamilifu kuna nafuu, kwa sababu tangu Windows Vista huandika sifuri kwenye sehemu nzima. Ila Windows haiwezi kujifomati yenyewe ikiwa inaendesha kompyuta, na watu wengi huacha alama ya “Quick Format” kama walivyoikuta.

Anayebisha ajaribu mwenyewe. Chukua fleshi uliyoifomati mwezi uliopita, pakua PhotoRec, programu ya bure ya kurejesha mafaili yaliyofutwa, uiache ipekue. Itakutengenezea folda inayoitwa recup_dir.1, ndani yake mafaili yenye majina kama f0083216.jpg. Majina ya asili yamepotea, lakini fungua moja: picha ya pasipoti saizi, imekamilika, hata mkunjo wa kola unauona. Fungua jingine: PDF ya barua ya ajira, sahihi na mhuri. Anayenunua diski chakavu anaweza kufanya hivyo jioni moja bila kusomea chochote.

Jambo hili si geni. Mwaka 2003 Simson Garfinkel na Abhi Shelat, wakiwa chuo kikuu cha MIT cha Marekani, walichapisha matokeo ya kununua diski 158 za mitumba. Zilizokuwa bado zinasoma zilikuwa 129, na kati ya hizo 12 tu ndizo zilizosafishwa ipasavyo. Kwenye zilizobaki walikuta namba za kadi za benki zaidi ya 5,000.

Hatua ya 1: Okoa unachokihitaji, kisha jitoe

Nakili unachotaka kubaki nacho kwenye diski ya nje au mtandaoni. Halafu fungua hizo nakala kwenye kompyuta *nyingine*. Usiridhike kuona majina ya mafaili. Fungua picha chache, fungua lile faili la hesabu, hakikisha yanasoma. Ukishaanza kufuta kwa njia zilizo hapa chini, hakuna fundi wa kukurudishia.

Ukishahakikisha, chomoa diski ya nakala na uiweke mbali na meza. Nasisitiza hili kwa sababu programu za kufuta zinaorodhesha kila diski iliyochomekwa, na saa nne usiku mbili zenye ukubwa unaofanana zinachanganya macho.

Kisha jitoe kwenye akaunti. Kwenye simu, fungua WhatsApp, nenda kwenye vifaa vilivyounganishwa, uondoe kompyuta hiyo. Toka kwenye akaunti ya Google ndani ya kivinjari, na kwenye ukurasa wa usalama wa akaunti uondoe kifaa hicho. Toka kwenye akaunti ya Microsoft. Programu ya ofisi au ya uhasibu yenye leseni ya mashine moja iondolewe leseni kwanza, la sivyo utainunua tena. Kama uliwahi kuweka nywila kwenye bayosi (mipangilio ya kompyuta inayofunguka kabla ya Windows), iondoe sasa. Mnunuzi hatakuelewa akikutana nayo.

Hatua ya 2: Jua diski yako

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua “Performance”, utazame “Disk 0”. Windows 10 na 11 zinaandika kando yake HDD au SSD. Ukiona na “Disk 1”, ujue kuna diski ya pili ndani. Kompyuta nyingi za mezani zimeongezewa SSD ndogo ya Windows huku ile kubwa ya zamani ikiachwa ibebe mafaili, na hiyo ya zamani ndiyo yenye siri nyingi zaidi.

Kama Windows haiwaki, washa kompyuta kwa fleshi ya Ubuntu (mfumo endeshi wa bure unaoweza kuwaka kutoka kwenye fleshi), fungua dirisha la amri, uandike:

lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,ROTA

Kwenye safu ya ROTA, 1 ni diski ya sahani zinazozunguka na 0 ni SSD. Jina likianza na nvme, hiyo ni SSD ya kijiti kinachochomekwa kwenye ubao mama. Andika modeli na ukubwa kwenye karatasi. Utavihitaji muda si mrefu.

Diski ya sahani: andika juu yake mara moja, diski nzima

Huku kazi ni rahisi, inachotaka ni muda. Ninayoipendekeza ni ShredOS, mfumo mdogo unaowaka kutoka kwenye fleshi na kufungua programu ya nwipe. DBAN ambayo mafundi wengi bado wanaitembeza mfukoni ilikuwa nzuri zama zake, lakini imezeeka na haikutengenezwa kwa ajili ya SSD.

Pakua faili la ShredOS, lichome kwenye fleshi kwa kutumia Rufus, programu ya kutengeneza fleshi za kuwakia, kisha zima kompyuta unayotaka kusafisha. Iwashe huku ukigonga kitufe cha kuchagua pa kuwakia: Dell na Lenovo nyingi ni F12, HP ni F9. Fleshi ikikataliwa, ingia kwenye bayosi uzime “Secure Boot”.

Nwipe itakuonyesha orodha ya diski. Linganisha modeli na ukubwa na ile karatasi yako. Fleshi uliyowakia nayo inaweza kuwemo kwenye orodha, kwa hiyo usichague vyote kwa mkupuo. Chagua kwa kitufe cha nafasi, bonyeza m kuchagua njia, weka ile ya kujaza sifuri (“Fill With Zeros”), halafu bonyeza S kubwa kuanza. Acha uhakiki wa mwisho uendelee hata kama unarefusha kazi.

Kuhusu mara ngapi: moja inatosha. Zile mara 35 zinazotajwa sana zinatokana na andiko la Peter Gutmann la mwaka 1996, lililohusu teknolojia za diski za wakati ule, na mwenyewe baadaye alieleza kwamba kuzirudia zote kwenye diski za kisasa hakuna maana. NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, kwenye mwongozo wake namba 800-88 nayo inaona kuandika juu mara moja kunatosha kwa diski za kawaida za siku hizi. Fundi anayekutoza zaidi kwa sababu “anapitisha mara saba” anakuuzia umeme.

Diski ya GB 500 inayoandika MB 100 kwa sekunde itachukua kama saa moja na nusu, na uhakiki unaweza kukaribia muda uleule. Diski iliyochoka itachukua zaidi. Angalia luku kabla hujaanza. Laptopu iwe kwenye chaji na betri iwe nzima. Ya mezani iwe kwenye UPS kama ipo. Umeme ukikatika katikati, anza upya tangu mwanzo.

SSD: iambie ijifute yenyewe

SSD haina sahani. Ina chipu, na kila seli ya chipu huandikwa idadi fulani ya mara kabla ya kuchoka. Ili zisichoke upande mmoja, kidhibiti cha ndani kinahamishahamisha data kila wakati na kuficha akiba ya seli ambazo Windows haizioni. Ukiiambia nwipe iandike sifuri, unaandika kwenye sehemu unayoonyeshwa. Kipande cha faili la zamani kinaweza kubaki kwenye ile akiba. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego walilionyesha hili mwaka 2011: mbinu za kufuta faili mojamoja zilizozoeleka kwenye diski za sahani zilishindwa kwenye SSD.

Anayejua seli zote ziko wapi ni kidhibiti chenyewe, basi yeye ndiye apewe amri. Kuna milango mitatu.

Wa kwanza uko kwenye bayosi, na ndio ninaoupenda kuliko yote kwa sababu hauhitaji fleshi wala amri. Kompyuta nyingi za biashara za HP zina “Secure Erase” chini ya menyu ya usalama, na za Dell zina “Data Wipe” chini ya matengenezo. Ukiikuta, fuata maelekezo na kazi imeisha.

Wa pili ni programu ya mtengenezaji wa SSD: Samsung Magician, Crucial Storage Executive, Dashboard ya Western Digital, Kingston SSD Manager. Nyingi haziwezi kufuta diski ambayo Windows inawakia, kwa hiyo unaichomeka SSD kwenye kompyuta nyingine, au programu inakutengenezea fleshi ya kuwakia.

Wa tatu ni Ubuntu. Kwa SSD ya nvme, unganisha intaneti kisha:

sudo apt install nvme-cli
sudo nvme format /dev/nvme0n1 --ses=1

Amri ya pili haibembelezi. Hakikisha jina ni lenyewe kwanza.

Kwa SSD ya SATA, ile bapa ya inchi 2.5, anza kwa kuikagua (badala ya sda weka jina ulilolipata kwa lsblk):

sudo hdparm -I /dev/sda

Shuka chini kwenye sehemu ya “Security”. Inatakiwa isome “not frozen”. Ikisoma “frozen” bila “not”, bayosi imeifunga. Ilaze kompyuta usingizi, iamshe, uangalie tena. Mara nyingi hapo inafunguka. Kisha:

sudo hdparm --user-master u --security-set-pass siri /dev/sda
sudo hdparm --user-master u --security-erase siri /dev/sda

Hilo neno “siri” ni nywila ya muda na litafutika kazi ikiisha. Usifanye hivi kupitia waya wa kuunganishia USB, na usikatize katikati: umeme ukikatika diski inabaki imefungwa kwa nywila hiyo, na itabidi urudie amri ya mwisho kuifungua.

Kama hutaki kugusa amri wala bayosi

Kwa kompyuta ya nyumbani kuna njia ya Windows yenyewe ambayo ikifanywa kwa mpangilio inaridhisha. Kwanza iwekee usimbaji diski nzima, yaani data zigeuzwe zisisomeke bila ufunguo. Windows Pro ina BitLocker. Chagua isimbe diski yote, usichague ile ya nafasi iliyotumika tu. Matoleo ya Home kwenye mashine nyingi yana “Device encryption” ndani ya mipangilio. Subiri hadi asilimia 100.

Baada ya hapo nenda kwenye “Reset this PC”, chagua “Remove everything”, na kabla ya kuthibitisha fungua “Change settings” uwashe “Clean data”. Hapo ndipo wengi wanateleza: bila kuwasha hicho kidude, Windows inafuta kwa ile njia ya daftari la mwenyekiti. Ukikiwasha, data zilizosimbwa zinaandikwa juu, na ufunguo wake unaondoka. Hata kikibaki kipande kwenye akiba ya SSD, mara nyingi kitakuwa vurugu isiyosomeka. Nasema mara nyingi kwa sababu kilichoandikwa kabla ya usimbaji kinaweza kuwa kimejibanza humo. Ndiyo maana kompyuta mpya isimbwe siku ya kwanza, na ndiyo maana kwa rekodi za wagonjwa au wateja nisingeishia hapa.

Mac

Mac zenye chipu za Apple, na zile za Intel zenye chipu ya T2, zinasimba diski tangu kiwandani, hivyo kazi ni kuharibu ufunguo tu. Kuanzia macOS Monterey kuna “Erase All Content and Settings”. Kwenye Ventura na kuendelea ipo chini ya General, “Transfer or Reset”. Inachukua dakika chache na inakutoa iCloud. Hakikisha mashine haipo tena kwenye orodha yako ya Find My (huduma ya Apple ya kutafuta vifaa), vinginevyo mnunuzi atarudi kugonga mlango. Mac za zamani zaidi: washa FileVault (usimbaji wa Mac), subiri imalize, toka iCloud, kisha washa huku umeshika Command na R na ufute diski kwa Disk Utility.

Hakikisha kwa macho yako

Programu kusema imemaliza ni jambo moja. Washa Ubuntu uandike:

sudo hexdump -C /dev/sda

Diski iliyojaa sifuri itakuonyesha mstari mmoja wa 00 00 00, chini yake nyota, halafu kimya kwa muda mrefu inapoendelea kusoma, na mwishoni namba ya mwisho wa diski. Nyota ina maana “yanayofuata ni yaleyale”. Yakianza kumwagika maneno na alama, rudi ulikotoka. SSD iliyofutwa kwa kuharibiwa ufunguo inaweza kuonyesha takataka za nasibu badala ya sifuri. Hiyo ijaribu kwa PhotoRec. Isipotoa faili lolote linalofunguka, umemaliza.

Diski mbovu

Kompyuta kufa si diski kufa. Mashine isiyowaka kabisa unaweza kuichomoa diski yake kwa bisibisi na kuifuta ukiwa kwenye kompyuta nyingine. Lakini diski inayogonga kama saa, au isiyosomeka sehemu, haiwezi kuaminiwa kufutika. Iharibu.

Ya sahani ifungue au itoboe kwa drili, matundu kadhaa yapite kwenye sahani zenyewe. Vaa miwani: sahani za diski za laptopu mara nyingi ni za kioo na zinapasuka vipande vidogo vikali. Sumaku ya spika haisaidii kitu. Kwa SSD, tundu moja katikati huenda lisiguse chochote. Kila chipu nyeusi ivunjwe, moja baada ya nyingine. Usichome moto, moshi wa plastiki na vifaa vile ni sumu kwako na kwa jirani. Mabaki yapeleke kwa wanaochakata taka za kielektroniki, kama WEEE Centre ya Nairobi au kituo cha Enviroserve kule Bugesera, Rwanda, na ulipo hakuna, angalau usiikabidhi diski nzima kwa mnunuzi wa vyuma chakavu.

Ofisi, SACCOS, zahanati, shule

Hapa hufuti zako, unafuta za watu. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Anayekusanya taarifa za watu ana wajibu wa kuzilinda, na kuuza mashine hakumwondolei wajibu huo.

Fungua daftari. Kila diski iwe na mstari wake: namba ya utambulisho iliyoandikwa kwenye lebo yake, kompyuta ilikotoka, njia iliyotumika, tarehe, jina la aliyefuta na la aliyehakiki. Wawe watu wawili tofauti. Mashine zinazosubiri kufutwa zifungiwe, maana wizi mwingi hutokea kati ya “tumeshabadilisha” na “tumeshafuta”.

Ukimpa kazi mtu wa nje, jua unampa nani. Benki ya Morgan Stanley ya Marekani iliwapa kazi ya kuondoa vifaa vyake watu wa kuhamisha mizigo wasio na uzoefu wa kuharibu data, na baadhi ya vifaa vikaja kuuzwa kwenye mnada wa mtandaoni vikiwa na taarifa za wateja. Septemba 2022 ilikubali kulipa faini ya dola milioni 35. Wateja walioguswa walikuwa kama milioni 15.

Na kabla hujafunga daftari, itazame ile mashine kubwa ya fotokopi pembeni. Nyingi za aina hiyo zina diski ndani inayohifadhi kurasa zilizopitishwa. Kama ni ya kukodi, muulize mwenye nayo kwa maandishi nani ataifuta mkataba ukiisha. Kama ni yako, menyu ya msimamizi huwa na sehemu ya kuandika juu ya diski au kuirejesha ilivyotoka kiwandani.

Kuikabidhi

Mashine tupu kabisa ni ngumu kuuza. Mnunuzi anataka aione inawaka. Weka Windows upya kutoka kwenye fleshi iliyotengenezwa kwa programu ya Microsoft yenyewe. Kompyuta nyingi zilizokuja na Windows 8 au baadaye zina ufunguo wa leseni ndani ya ubao mama, kwa hiyo haitakuuliza namba. Ikifika kwenye skrini ya kuchagua nchi, usiendelee na usiweke akaunti yako “ili tu ajaribu”. Shikilia kitufe cha kuzimia mpaka izime, mpe na chaja yake.